Kadi ya kode imekwama? Mwongozo kamili wa kudai kadi yako ukiwa Lubumbashi

Wanaonijia ni vijana wa Kamalondo, Kenya na Kampemba, pamoja na baba wachache wenye mvi, na wote huja na shida moja. Wamefungua pakiti ya kadi za mpira, na badala ya kadi yenye sahihi ya mchezaji wamekuta kadi ya kode: karatasi ngumu inayosema kwangua hapa, ingiza herufi hizi kwenye tovuti yetu, tutakutumia kadi ya fulani. Wamekwangua, wameingiza, wamengoja. Miezi imepita. Kisha linakuja jibu kwamba muda umeisha, au kode imekwisha kutumika, au watatumiwa kadi nyingine. Wengine hawajibiwi kabisa.

Wengi wao wana haki. Wanaipoteza mwanzoni, siku ileile ya kufungua pakiti, halafu wanaipoteza tena kwa kumwandama mtu asiyehusika. Ndiyo maana nimeandika hatua zote hapa, kwa mpangilio wake. Mimi si avoka (wakili). Naandikia watu barua na kupanga mafaili yao. Pale jambo linapohitaji mwenye toga, nitakuambia.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha kwa video ya dakika kumi, na simu ya pili ya kuonyesha saa.
- Pakiti yenyewe ikiwa bado imefungwa, pamoja na boksi lake kama lipo.
- Risiti. Kama muuzaji hatoi risiti, ujumbe wa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa unatosha, mradi usiufute.
- Kitambulisho: karte ya uchaguzi au pasipoti.
- Anwani ya barua pepe iliyo yako mwenyewe, si ya rafiki wala ya saiba.
- Daftari moja kwa kazi hii tu, na mfuko wa plastiki unaofungika.

Usitupe ganda la pakiti. Watu huweka kadi salama na kulitupa ganda, na nusu ya masharti huwa yamechapwa juu yake.

## Hatua ya 1: Piga video kabla ya kukwangua

Weka pakiti mezani, karibu na dirisha. Egemeza simu kwenye glasi ili mikono yote miwili iwe huru. Anza kurekodi, onyesha tarehe na saa kwenye simu ya pili, kisha geuza pakiti polepole mbele ya kamera, upande huu na upande ule, mpaka mishono yake ionekane kuwa haijaguswa. Chana. Toa kadi moja moja. Ukiifikia kadi ya kode, ishike bila kutikisika: mbele, nyuma, na ule utando wa kijivu ukiwa mzima. Ndipo ukwangue, video ikiendelea.

Usikate video katikati. Anayetaka kukukatalia atasema ulibadilisha kadi wakati kamera imezimwa, na hutakuwa na jibu.

Kwangua kwa kucha au kwa ukingo wa plastiki laini, taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Utando wake ni mwembamba kuliko ule wa karte ya mayuniti. Mtoto wa dada yangu alikwangua yake kwa wembe, jioni, umeme umekatika, bila kamera. Akanijia mbio: "Mjomba, hii ni B ao ni 8?" Herufi mbili za mwisho zilikuwa zimetoka pamoja na utando. Tulijaribu B, tukajaribu 8, tukabadilisha mpangilio, mpaka tovuti ikatufungia. Kampuni ikaomba picha ya kadi kabla haijakwanguliwa. Hatukuwa nayo. Kadi hiyo bado imo katika droo yangu, na kila ninapoiona naumia, maana mchezaji aliyeahidiwa alikuwa ndiye mtoto yule anampenda kuliko wote.

Na kama hununui pakiti bali unanunua kadi ya kode peke yake kutoka kwa mtu? Usichukue iliyokwisha kukwanguliwa, hata akikuapia kwa mama yake. Kode ikishaingizwa mara moja, karatasi iliyobaki haina thamani yoyote. Kaeni meza moja, ukwangue, uingize, tovuti ikubali, ndipo umpe pesa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na video moja isiyokatwa, imehifadhiwa mahali pawili, na kode yote inasomeka.

## Hatua ya 2: Soma mgongo wa kadi kama mkataba

Mgongo wa kadi ni mkataba. Chukua kalamu uyatafute mambo haya.

Tarehe ya mwisho. Hapa ndipo wengi wetu wanaanguka, na wala si kwa uzembe. Makampuni ya Marekani huandika mwezi kabla ya siku. 03/04/2026 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwao ni tarehe 4 Machi. Umepoteza mwezi mzima kwa kusoma kama tulivyofundishwa shuleni. Iandike katika daftari kwa maneno, "tarehe nne mwezi wa tatu", ili usijichanganye tena.

Haki ya kubadilisha. Karibu kila kampuni hujiwekea haki ya kukutumia kadi nyingine "yenye thamani sawa au zaidi" ikiwa mchezaji hakutia sahihi. Lipigie mstari neno "thamani". Utalihitaji katika hatua ya 7.

Nchi. Baadhi ya ahadi ni kwa wakazi wa nchi fulani tu. Ukikuta Kongo haimo, usikate tamaa, lakini ujue mapema kwamba utahitaji mpokeaji aliye nje.

Kampuni yenyewe. Jina moja kwenye ganda linaweza kuwa la makampuni mawili. Panini ya Italia iko Modena. Panini America iko Irving, jimbo la Texas. Upper Deck iko Carlsbad, California. Topps iko chini ya Fanatics tangu Januari 2022. Nakili anwani iliyochapwa kwenye ganda lako, si ile uliyoikuta kwa kutafuta kwenye simu. Nimeona barua nzuri kabisa ikipelekwa Modena kwa pakiti iliyotoka Texas.

Mwisho, fungua ukurasa wa masharti kwenye tovuti yao siku hiyohiyo, upige picha ya skrini ya ukurasa wote. Masharti hubadilishwa. Yanayokuhusu ni yale uliyoyakuta siku ulipoingiza kode.

## Hatua ya 3: Ingiza kode kwa jina lako

Fungua akaunti kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Mtoto asiyefika miaka 18 asifungue kwa jina lake. Mzazi afungue, mzazi ndiye atakayeandika barua na kusimama mbele ya wakubwa jambo likifika huko.

Kisha unakuja ukuta wa anwani. Fomu inataka kode ya posta, nasi hatuna inayofanya kazi. Fomu nyingine haina Kongo katika orodha ya nchi. Watu wa hapa hutumia njia mbili: ndugu aliye Brussels, Johannesburg au Ndola, au muuzaji wa kadi mwenye akaunti nje anayewaingizia wengine kode.

Njia ya ndugu ni bora. Njia ya muuzaji ndiyo inayozaa ugomvi mwingi ninaouona hapa mjini: kadi inafika kweli, lakini inafika kwake, na siku hiyo anakumbuka gharama ambazo hamkuzitaja.

Ukilazimika kumpa mtu kode, andikeni karatasi. Nusu ukurasa unatosha: majina yenu, kode, jina la mchezaji na namba ya kadi, malipo yake, na siku ngapi baada ya kupokea lazima akukabidhi. Nakala mbili, sahihi mbili, shahidi mmoja. Kitabu cha tatu cha sheria yetu ya madai, katika kifungu cha 33, kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Karatasi hiyo ya nusu ukurasa basi ni sheria kati yenu wawili, na hakimu ataisoma hivyo.

Tovuti ikishakubali kode, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kadi, tarehe na maneno ya kuthibitisha. Barua pepe yao ya uthibitisho usiifute kamwe.

## Hatua ya 4: Jua unamdai nani

Tulia hapa. Ukikosea mtu, hatua zote zinazofuata ni pesa ya fotokopi iliyopotea.

Kampuni inadaiwa pale ilipoahidi na haikutimiza. Ila chagua maneno yako. Katika miaka ya 1990 wanunuzi wa Marekani waliyashtaki makampuni ya kadi kwa sheria ya RICO ya mwaka 1970, ile iliyotungwa dhidi ya magenge ya uhalifu. Walisema kuwinda kadi adimu ndani ya pakiti ni kamari. Walishindwa. Katika kesi ya Price dhidi ya Pinnacle Brands mwaka 1998, na tena katika Chaset dhidi ya Fleer/Skybox mwaka 2002, mahakama za rufaa ziliona kwamba aliyenunua pakiti alipata alicholipia, yaani pakiti na bahati yake. Kusikitika kwa kukosa kadi adimu si hasara ya mali.

Kwa hiyo usiandike kamwe "nilitegemea kupata kadi ya thamani." Hilo ndilo dai lililokufa. Wewe una kitu ambacho watu wale hawakuwa nacho: ahadi iliyochapwa, yenye jina la mchezaji na namba ya kadi. Andika: "Mliniahidi kadi hii, nimetimiza sharti lenu tarehe fulani, hamjaitoa."

Muuzaji hadaiwi uchelewaji wa kampuni. Aliyekuuzia pakiti iliyofungwa na salama amemaliza kazi yake. Anadaiwa pale alipouza kitu chenye kasoro iliyofichika: pakiti iliyofunguliwa ikabandikwa upya, au kadi ya kode aliyojua imekwisha kutumika. Sheria yetu ya mauzo inamtaka muuzaji adhamini kasoro zilizofichika, ila mnunuzi naye asikawie kulalamika. Tarehe iliyopita iliyochapwa wazi mgongoni haijafichika, na kwa hilo huna hoja nzito dhidi ya aliyekuuzia kadi moja ukiishika mkononi. Ndani ya boksi lililofungwa ni jambo jingine, kwa sababu hukuweza kuiona.

Kama boksi lilinunuliwa Ubelgiji na ndugu yako, yeye ana nguvu kuliko wewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2019/771 inampa mnunuzi dhamana ya miaka 2 dhidi ya muuzaji wa huko. Na ile namba 2005/29, katika orodha ya mambo yaliyokatazwa kabisa, kipengele cha 19, inakataza kutangaza zawadi bila kutoa iliyotajwa au kitu kinacholingana nayo. Sentensi hiyo iandikwe katika barua yake.

Mtu wa kati, yule uliyempa kode, anadaiwa kwa karatasi mliyoandikiana. Kama kadi imefika kwake na anaikalia, anashika mali ya mwenzake.

Utakuwa tayari kuendelea ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kusitasita: fulani aliniahidi hiki, kwa ushahidi huu, na hakukitoa.

## Hatua ya 5: Hesabu siku zako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chora mistari minne: siku ya kununua, siku ya kuingiza kode, siku ya mwisho iliyo kwenye kadi, siku ya jibu lao la mwisho. Kisha hesabu.

Kwenye eBay, dhamana ya mnunuzi hudai ulalamike ndani ya siku 30 tangu mzigo ulipotarajiwa kufika. PayPal inatoa siku 180 tangu malipo. Ukilipa kwa karte ya Visa au Mastercard, benki yako inaweza kupinga malipo, mara nyingi ndani ya siku 120. Nenda kwenye tawi na uombe fomu, usiishie kupiga simu. Njia hizi tatu hazihitaji avoka, na zinakufa mapema kuliko zote. Ndiyo maana yule anayengoja kwa upole mwaka mzima, kwa kuwa kila barua ya kampuni inamwambia "subiri kidogo", huja kwangu akiwa na njia ndefu tu zilizobaki.

Mahakamani muda ni mrefu zaidi. Sheria ya biashara ya Marekani inatoa miaka 4 kwa mauzo ya vitu, lakini mkataba unaweza kuipunguza mpaka 1, kwa hiyo rudi kwenye picha za masharti uliyohifadhi. Kwetu, tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, madai kati ya mfanyabiashara na mteja wake yanakufa baada ya miaka 5.

## Hatua ya 6: Andika barua ya kumtaka atimize

Avoka wetu wanaiita *mise en demeure*. Kesi nyingi ninazozijua zilikwisha hapa, kwa sababu mpinzani aliona mbele yake mtu mwenye tarehe, namba na picha. Barua yenye matusi huishia pipani. Iwe hivi:

> Lubumbashi, tarehe …
>
> Kwa …
>
> Tarehe … nilinunua kwako … kwa bei ya …. Ndani yake nilikuta kadi ya kode ya mchezaji …, namba …, yenye tarehe ya mwisho …. Niliingiza kode tarehe …, nikapata uthibitisho. Mpaka leo sijapokea kadi hiyo.
>
> Nakutaka unikabidhi kadi hiyo kabla ya tarehe …. Ikishindikana, unilipe dola …, bei inayoonekana katika mauzo matatu niliyoambatanisha.
>
> Tarehe hiyo ikipita nitapeleka jambo hili kwa wenye mamlaka bila kukuandikia tena.
>
> Viambatanisho: risiti, picha za kadi, uthibitisho, nakala ya kitambulisho.

Dai moja tu. Ukiongeza fidia ya usingizi uliokosa na tiketi ya basi, unampa nafasi ya kujibu hayo na kuliacha lile kubwa.

Kwa muuzaji wa hapa, mpe siku 15. Barua iwe kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili pamoja na tafsiri yake, maana Kifaransa ndiyo lugha rasmi kwa katiba ya 2006 na greffe, ofisi ya karani wa mahakama, itaidai baadaye. Ipeleke mkononi na nakala ya pili. Atie sahihi na tarehe kwenye yako. Akikataa, usigombane naye mlangoni. Mlipe huissier, mpeleka hati rasmi za mahakama, aipeleke, naye ataandika kwamba imefika.

Kwa kampuni ya Texas, mpe siku 60. Sheria ya Texas ya kumlinda mnunuzi inadai taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kushtaki, ikitaja malalamiko na kiasi cha pesa. Kwa California, sheria yao ya aina hiyo inataka siku 30. Ukitaja sharti hilo katika barua, atakayeisoma atajua kwamba huyu wa Lubumbashi amejifunza. Iandike kwa Kiingereza, itume kwa barua pepe na kwa nakala ya karatasi yenye namba ya kufuatilia mzigo. Usitegemee posta ya kawaida.

Dalili nzuri ni jibu lenye jina la mtu na namba ya faili. Jibu la mashine lisikufurahishe.

## Hatua ya 7: Wakikuletea kadi mbadala

Kampuni itasema: mchezaji hakutia sahihi, chagua nyingine, au pokea pointi. Barua kama hii huja na kitufe cha kukubali. Usikibonyeze leo.

Ukikubali, mmepatana, na dai la kwanza limekwisha. Kwanza tafuta bei za mauzo yaliyokamilika, si bei wanazoomba wauzaji. Tatu za kadi uliyoahidiwa, tatu za ile wanayokupa, zenye hali inayofanana na za siku zinazokaribiana. Zipange kando kwa kando katika ukurasa mmoja, umtumie, umuulize: "thamani sawa" mliyoiandika iko wapi hapa?

Mzozo wa kweli huwa juu ya siku ya kupimia bei. Mchezaji alikuwa juu wakati wa kuingiza kode, sasa ameumia goti na bei imeshuka. Kampuni itapima leo. Wewe simama kwenye siku uliyoingiza kode, kwa sababu siku hiyo ndipo ulipomaliza upande wako wa mapatano. Sikuhakikishii kwamba utashinda hoja hii, lakini nimeona ikiongeza kadi ya pili kwenye bahasha.

Mara nyingine kadi mbadala ni nzuri kweli. Ikubali, kwa maandishi, na ulale.

## Hatua ya 8: Milango isiyo ya mahakama

Siku za barua zikiisha, fungua PayPal, eBay au benki kama muda bado upo. Kisha andika malalamiko kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la kampuni. Ya Texas inapokea kwa tovuti, bure. Haitakuwa avoka wako, lakini kampuni inajua ofisi hiyo inahesabu malalamiko. Kwa kitu kilichonunuliwa Ubelgiji, mnunuzi aandike kwa wizara yao ya uchumi.

Usingoje kesi ya pamoja ya wakusanyaji wa Marekani. Masharti mengi ya makampuni yanalazimisha usuluhishi wa faragha na kukataza kuungana, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali vifungu vya namna hiyo mwaka 2011 katika kesi ya AT&T Mobility na Concepcion. Kila mtu anasimama na karatasi zake.

Kwa ugomvi wa hapa mjini, jaribu kwanza kukaa chini: wewe, yeye, na wazee wawili mnaoaminiana nao nyote. Mkipatana, andikeni na mtie sahihi palepale kabla ya kunyanyuka.

## Hatua ya 9: Mahakama, kwa mpinzani aliye hapa

Hapa nitasema wazi: kwa kadi isiyofika dola mia mbili, mimi huwashauri watu waishie hatua ya 8. Gharama za greffe, huissier na mizunguko zitaila kadi yote. Kwa kadi kubwa, endelea.

Kama mpinzani wako anaishi kwa kununua na kuuza, ni mfanyabiashara, awe na namba ya RCCM (daftari la wafanyabiashara) au hana. Mlango wake ni Tribunal de commerce ya Lubumbashi. Kama ni rafiki au jirani tu, mlango ni Tribunal de paix, kwa madai yasiyozidi franga 2.500.000. Ingia greffe, muulize grefie kwa adabu kiasi cha kuweka kabla ya faili kufunguliwa, na udai risiti ya kila franga unayotoa.

Kwa yule anayeikalia kadi yako, sheria ya OHADA ina njia fupi ambayo wengi hawaijui: *injonction de délivrer*. Unamwomba rais wa mahakama amwamuru mtu akukabidhi kitu maalumu kinachoshikika. Kadi yenye jina na namba ni kitu maalumu kabisa. Ile karatasi ya nusu ukurasa ya hatua ya 3 ndiyo itakayobeba ombi lako. Hapa tafuta mwenye toga. Kama huna uwezo, chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure, *bureau de consultations gratuites*.

Usianzie polisi. Kuchelewa kulipa au kukabidhi si jinai, na ukimfungisha mtu kwa deni unaweza kugeuka wewe mshtakiwa. Jinai ipo pale alipokudanganya tangu mwanzo, kwa mfano alikuuzia kode aliyoitumia mwenyewe, na hiyo ni escroquerie ya kifungu cha 98 cha sheria ya jinai. Au alipojigeuzia mali uliyomkabidhi, yaani abus de confiance ya kifungu cha 95. Hata hapo, peleka malalamiko ya maandishi kwa parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka), faili lako likiwa limepangwa.

Hukumu ya hakimu ikitoka, mlipe huissier aifikishe kwa mpinzani. Bila kufikishwa rasmi, muda wa rufaa hauanzi kuhesabiwa, na karatasi yako inabaki kabatini.

## Hatua ya 10: Siku bahasha inapofika

Usifungue mbele ya mjumbe kwa furaha. Rudi mezani, egemeza simu kwenye glasi, anza video. Onyesha bahasha ikiwa imefungwa, namba ya mzigo, kisha fungua. Linganisha jina la mchezaji na namba ya kadi na vile ulivyoandika katika daftari. Angalia pembe nne chini ya mwanga, na sahihi kama imetiwa kwenye kadi yenyewe au kwenye kibandiko, maana bei zake zinatofautiana sana na baadhi ya kadi za kode hutaja ipi uliyoahidiwa.

Kuna kasoro? Andika siku hiyohiyo na utume video. Hakuna? Waandikie pia kwamba umepokea, tarehe gani, na katika hali gani. Halafu iweke kadi kwenye plastiki ngumu, mbali na dirisha, pamoja na faili lake zima, kwa sababu atakayeinunua kesho atauliza imetoka wapi.